Anayepita Tuta la Tatu Madirisha Yakiwa Wazi

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na tatu anamfunga mkanda wa kiti mtu ambaye hayupo.

Ni koti. Koti zito la kijivu, la kiume, limevishwa kiti cha abiria na kujazwa gunia tupu kifuani ili lipate umbo. Juu ya kiegemeo cha kichwa kuna kofia iliyoinamishwa mbele kidogo, kama ya mtu anayesinzia. Mwanamke anauvuta mkanda, anaupitisha begani, anaubana mpaka unalia tak, kisha analipapasa koti kifuani kama anayemtoa mtu vumbi.

"Shemeji hajambo leo?" anauliza dereva wa gari la jirani, mwanaume mpana wa mabega ambaye wenzake humwita Chuma.

"Hajambo, ila kaamka na hasira."

"Basi mwambie asinitazame mimi. Sijamkosea."

Mwanamke huyu naye ni dereva, na koti ni la mumewe, fundi seremala. Kwa kuwa madereva wote tisa wa kiume humwita yeye dada, mumewe ni shemeji yao, na koti la mumewe nalo likapandishwa cheo. Linasalimiwa kila asubuhi. Siku dereva huyu akilisahau nyumbani, huulizwa kama kuna ugomvi katika ndoa.

Nyuma ya viti vyake yamepangwa masanduku thelathini na mawili ya kadibodi, kila moja likiwa na vifaranga mia moja waliototolewa jana. Sauti yao ni kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango kikubwa. Anatakiwa kuwafikisha kwa mawakala watano, na wakala wa mwisho yuko kilomita tisini na nne kutoka hapa kiwandani. Wenzake humwita Mama Vifaranga. Yeye ndiye mwanamke pekee anayeendesha gari la kiwanda.

Leo huenda ikawa mara yake ya mwisho.

Katika droo ya msimamizi wa magari imo barua ya kumhamishia kwenye meza ya kugonga mihuri masanduku. Imechapwa, haijatiwa saini. Badala ya saini alipewa safari kumi na mbili za majaribio, kwa sharti moja: katika safari yoyote, vifaranga watakaokufa wasizidi kumi na tano. Safari kumi na moja amezimaliza salama. Hii ni ya kumi na mbili.

Ili kuelewa barua hiyo ilitoka wapi, ni lazima kwanza kulielewa dirisha.

Magari ya kiwanda hayana kiyoyozi. Hewa ya vifaranga huingia kwa madirisha mawili ya mbele, hupita kwenye tundu lililo nyuma ya viti, huzunguka katikati ya masanduku, kisha hutokea kwenye matundu ya mlango wa nyuma. Madirisha yakifungwa, hewa husimama. Vifaranga elfu tatu waliobanana hupashana joto wenyewe kwa wenyewe, na baada ya dakika kumi huanza kupanua midomo. Wanaoanza kufa ni wale wa masanduku ya katikati.

"Dereva wa mchanga anaweza kujifungia atakavyo," anasema Mama Vifaranga. "Mchanga haupumui. Mzigo wangu unapumua, na unapumulia dirishani kwangu."

Lakini njiani kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa miaka mingi. Hapo barabara imeharibika kwa kilomita sita, na katika kilomita hizo kuna matuta matatu makubwa yanayolazimisha gari litambae. Magugu yamesimama pande zote mbili. Nyumba hakuna. Madereva hawapataji kwa jina lingine zaidi ya Tuta la Tatu, maana ndilo la juu kuliko yote, na hapo gari hukaribia kusimama kabisa.

Miaka miwili iliyopita, saa tisa alasiri, jua likiwa kali na anga jeupe, mwanaume mmoja alitoka kwenye magugu yale. Aliingiza mkono kwenye dirisha la abiria, akafungua mlango, akaingia, akakaa. Hakuonyesha silaha yoyote.

"Aliniuliza neno moja tu: 'Dada, unakwenda peke yako?' Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, hapa kwenye gia. Kila nilipobadilisha gia, tulibadilisha pamoja."

Alikaa hivyo kwa kilomita nne. Walipokaribia nyumba za kwanza, mtu yule alichukua simu iliyokuwa mbele ya usukani, akashuka, akaondoka akitembea taratibu kama aliyelipa nauli.

Jioni ile aliripoti polisi. Ofisa aliyechukua maelezo alimuuliza kilichoibwa. Simu. Ya rangi gani? Nyeusi. Akaandika: simu moja, nyeusi.

"Zile kilomita nne hazikuandikwa popote," anasema.

Kesho yake aliliomba koti la mumewe. Mume hakuuliza maswali mengi. Alilitoa msumarini, akatoa mifukoni penseli na msasa, akamkabidhi. "Tangu siku hiyo," anasema seremala huyo kwa sauti ya kulalamika kwa furaha, "baridi ikija mimi hujifunika shuka kama mgonjwa. Mke wangu anatembea na koti, mimi natembea na sifa."

Koti lilisaidia kwa mbali. Kwa karibu, halikumdanganya mtu. Kwa hiyo kila alipokaribia tuta la kwanza, Mama Vifaranga alianza kuyapandisha madirisha mpaka juu. Alijua nani angelipa. Alisikia nyuma yake sauti ya vifaranga ikipungua, ikawa nyembamba, na dakika kumi na tano za machimbo zikawa ndefu kuliko safari nzima.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kwa mtu kwa muda mrefu. Hanywi maji kabla ya safari. Wenzake wakibanwa husimama popote penye kichaka, wakarudi wakifunga mkanda na kuimba. Yeye choo chake ni cha wakala wa tatu, na huko hufika saa nne na nusu. Mwaka jana alitibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili. Daktari alimwambia anywe maji mengi.

"Nikamjibu, daktari, hayo maji nitayanywa, ila wewe uje unisimamie njiani."

Kiwandani kuna fomu ya safari. Dereva akirudi huandika idadi ya vifaranga waliokufa, na pembeni yake kuna safu nyembamba yenye kichwa "Sababu". Katika safu hiyo Mama Vifaranga aliandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyependa kukosea: NILIOGOPA MACHIMBONI NIKAFUNGA MADIRISHA. Safari iliyofuata akaandika vilevile. Na iliyofuata.

Alijifunza kusoma na kuandika akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, mama wa watoto watatu, katika darasa la watu wazima lililokutana alasiri kwenye chumba cha nyuma cha shule ya msingi. Wakati huo alikuwa mpanga mayai hapa hapa kiwandani. Miaka minne baadaye alisoma kitabu cha sheria za barabarani kutoka jalada hadi jalada, akapata leseni, na mshahara wake ukakaribia kuwa mara mbili. Tangu alipojua kuandika, anasema, hajapata kuandika jambo asiloliamini.

"Mtu aliyechelewa kuandika hana muda wa kuandika uongo."

Mwishoni mwa mwaka, msimamizi wa magari alizikusanya fomu. Alitaka kujua ni dereva gani mwenye hofu, kwa hiyo alitafuta neno "niliogopa". Alilikuta mara thelathini na tisa, na mara zote lilikuwa katika mwandiko mmoja. Madereva tisa wa kiume hawakuwahi kuliandika hata mara moja.

Basi hesabu ikawa rahisi. Mwenye hofu ni mmoja, naye ni mwanamke. Barua ikachapwa.

"Mama, tunakuhurumia," msimamizi alimwambia siku alipomwita ofisini. Ni mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. "Mezani utakaa kivulini. Hakuna mtu atakayekusumbua."

"Sikuja kuomba huruma, bosi. Naomba faili."

"Faili gani?"

"La fomu zote. Zangu na za wenzangu."

Alipewa kwa sharti asilitoe ofisini. Kwa siku tatu, wakati wenzake walipokwenda kula, yeye aliketi kwenye benchi la ofisi na kuzipitia fomu moja moja, kidole chini ya kila mstari. Hakuwa akitafuta neno "niliogopa". Alitafuta vifaranga waliokufa katika njia ya machimbo.

Akawakuta. Kwa kila safari ya njia hiyo, yeye alipoteza wastani wa vifaranga thelathini na wanane. Wenzake walipoteza thelathini na watano, arobaini, arobaini na watatu. Katika safu ya sababu wote walikuwa wameandika maneno mawili: jua kali.

Kisha akaikuta fomu ya tarehe kumi na nne ya mwezi wa mvua, akacheka peke yake mpaka msimamizi akainua kichwa.

Mkutano wa madereva hufanyika karakanani kila mwisho wa mwezi. Safari hiyo Mama Vifaranga aliomba dakika kumi. Madereva walikalia matairi, wengine wakaegemea gari lililokuwa limefunguliwa injini.

"Ndugu zangu," alianza, "leo sitauliza nani anaogopa."

"Afadhali," Chuma akadakia, "maana ungejijibu mwenyewe." Karakana nzima ikacheka.

Alisubiri kicheko kiishe. "Nauliza hivi tu. Mkifika tuta la kwanza, mkono wa kulia unafanya nini?"

Mkono wa kulia ndio unaozungusha kishikio cha dirisha, na kila aliyekuwapo alilijua hilo. Mmoja alianza kuutazama wa kwake kana kwamba ameukuta hapo.

"Mimi hufunga," akasema hatimaye dereva mmoja mkimya, mwenye miaka kumi na minane barabarani. Alisema akiitazama sakafu.

"Na mimi," akasema mwingine. "Lakini nusu."

"Nusu ya juu au nusu ya chini?" mtu akauliza, wakacheka tena, safari hii kwa upole.

"Mimi sifungi," akasema Chuma. "Mimi hupita kifua wazi."

Mama Vifaranga akaivaa miwani yake, akasoma. "Tarehe kumi na nne. Gari namba sita. Vifaranga hamsini na mmoja wamekufa. Sababu: jua kali." Akaishusha karatasi. "Ndiyo ile siku mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka jioni. Maji yalijaa langoni, na mlinzi akabebwa mgongoni kama bibi harusi. Gari namba sita ni la nani?"

Chuma akakuna shingo. "Mvua nayo ina joto lake."

Walicheka mpaka aliyekalia tairi dogo akadondoka. Na pengine ni kwa sababu ya kicheko hicho kwamba Chuma, kilipokwisha, aliendelea kuongea.

Alisema amewahi kuvamiwa mara mbili pale. Mara ya kwanza waliteremsha masanduku yote. Aliporudi na gari tupu, alihojiwa siku tatu kama aliyewauzia wezi mzigo. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba alipata safari ndefu.

"Rungu siliogopi," alisema. "Naogopa kurudi bila mzigo nikatazamwa vile tena. Nikifika pale nafunga, naweka spana mapajani, na siimbi."

Mmoja baada ya mwingine, walisema. Katika miaka miwili matukio yalikuwa matano; manne yaliwapata wanaume. Hakuna aliyekuwa amemsimulia mwenzake lote.

Mama Vifaranga aliyasikiliza yote, naye akawaeleza kuhusu mkono kwenye gia na kuhusu maji asiyokunywa. Halikuwa jambo jepesi kulisema mbele ya wanaume tisa. Hakuna aliyecheka.

Leo, akilifikiria tena, tofauti anaiona hivi: "Wenzangu wanaogopa gari kuibwa. Mimi naogopa kuibwa nalo. Wao wakifika salama, hofu yao wameiacha kule kwenye tuta. Mimi yangu nashuka nayo. Lakini dirisha tulilifunga sote, na vifaranga walikufa sawasawa. Kwa nini aliyesema ndiye aondolewe?"

Swali hilo ndilo aliloligeuza kuwa ombi mbele ya msimamizi. Hakuomba kubadilishiwa njia. Aliomba wavu wa chuma uchomelewe kwenye madirisha, tundu la hewa likatwe juu ya paa, na magari yapite machimboni mawili mawili. Fundi wa karakana alisema ni kazi ya siku moja kwa gari moja, na nyavu zilikuwapo stoo, zimebaki kwenye mabanda ya zamani ya kuku.

Msimamizi alizungusha kalamu kwa muda mrefu. "Safari kumi na mbili, mawili mawili, na wavu tuanze na gari lako," akasema. "Tutaona."

Sasa ni saa tatu na dakika ishirini, na tuta la kwanza linaonekana.

Kioo cha pembeni kinaonyesha gari namba sita, la Chuma, likifuata kwa umbali wa hatua hamsini. Mama Vifaranga ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Mkono wa kulia haupeleki kwenye kishikio. Upepo unapita kwenye wavu, unapeperusha ukosi wa koti, unakwenda nyuma. Vifaranga wanaendelea kuchemka.

Tuta la pili.

Kwenye tuta la tatu wamesimama wanaume wawili kando ya barabara. Pengine ni wavunja mawe, pengine wanasubiri usafiri. Kwa dereva aliye peke yake, hapo ndipo penye mateso, kwamba hajui na hawezi kuuliza. Gari linapanda, linakaribia kusimama. Mmoja wao anasogea, anaweka vidole kwenye wavu wa upande wa abiria, anachungulia. Analitazama koti. Anamtazama yeye.

"Dada, simama kidogo."

"Sisimami," anajibu, na sauti yake inatoka nzima. "Nina abiria elfu tatu na mia mbili."

Anapiga honi. Nyuma yake honi nyingine inaitikia, ndefu, ya hasira, bila kukata. Vidole vinaachia wavu. Gari linashuka upande wa pili wa tuta. Kisha anamgeukia Shemeji.

"Umemsikia Chuma anavyopiga honi? Utadhani yeye ndiye aliyeshikwa dirisha."

Mbele, kwenye kituo cha mafuta chenye watu wengi, Chuma anashuka kumuuliza kama yuko salama. Mama Vifaranga anafungua chupa ya maji. Siku hizi magari mawili yakiwa pamoja, husimama hapa, Chuma akalinda mizigo yote huku yeye akienda chooni. Ni utaratibu mdogo, hauna fomu, na umemwezesha kumaliza miezi miwili bila kurudi kwa daktari.

Saa nane mchana amerudi kiwandani. Msimamizi mwenyewe anatoka ofisini. Wakala wa mwisho amekwisha kupiga simu na kutaja idadi, lakini sheria ni sheria: dereva lazima aandike.

Mama Vifaranga anaiweka fomu juu ya boneti. Waliokufa: saba. Kwenye safu ya sababu anafikiri kidogo, kisha anaandika polepole, herufi kubwa, bila kufuta: NILIOGOPA. MADIRISHA YALIKUWA WAZI.

Msimamizi anaisoma mara mbili. "Mama, hapa huna haja ya kuandika uliogopa. Umeshinda."

"Niliogopa, bosi. Ukiifuta hofu, wavu nao mtaufuta siku moja."

Msimamizi anaitia fomu saini. Barua inabaki kwenye droo, na kama alivyoahidi mbele ya mlinzi na madereva wawili, kesho itakuwa karatasi ya kupangia mayai. Magari manne yamekwisha kuwekewa nyavu. Sita yamo kwenye foleni, na Chuma, ambaye gari lake ndilo linalofuata, humfuata fundi kila asubuhi kama mdai.

Chuma ana ombi jingine pia. Analitoa akiwa ameegemea mlango, akiangalia kwingine.

"Dada. Alhamisi nina safari ya peke yangu. Shemeji ana nafasi?"

"Shemeji si wa kukodishwa."

"Nitamrudisha kabla ya magharibi."

"Umfunge mkanda. Na usimwimbie."

Lakini koti halitakaa barabarani daima. Huo ndio mpango wake. Kwenye chumba cha kupangia mayai kuna msichana wa miaka ishirini na minne ambaye kila mapumziko ya mchana huja kukaa kwenye usukani wa gari lililosimama, mguu kwenye klachi. Mama Vifaranga ndiye aliyempa kitabu cha sheria za barabarani, kile kile, chenye mistari ya penseli chini ya maneno yaliyomsumbua. Mtihani wa leseni ni wiki ijayo, na msimamizi amekubali kwamba akifaulu ataanza katika njia ya machimbo, gari lake nyuma ya gari la mwalimu wake.

"Nimemwambia ukweli wote," anasema Mama Vifaranga huku akimfungua Shemeji mkanda. "Nimemwambia ataogopa, na nimemwambia pa kuiandika hofu hiyo."

Analikunja koti, analiweka kwapani. Mifukoni bado mna vumbi la mbao.

"Siku huyo binti atakaponipigia honi akiwa nyuma yangu kwenye tuta la tatu, koti hili linarudi kwa mwenyewe. Mwambieni avumilie. Baridi ijayo haitamkuta na shuka."